Flashi ya Bei Nafuu na Mwanga wa Kupima Mwenyewe

Ndugu zangu wapiga picha, najua wengi mmekuja na kalamu muandike jina la flashi. Basi andikeni: Godox TT600. Mkikuta Yongnuo YN560 IV, nayo inafaa. Zote mbili hazina TTL, yaani hazikupimii mwanga. Nguvu unaipanga wewe, kuanzia nguvu nzima hadi 1/128. Na zina redio ndani, kwa hiyo ukiwa na triga ya aina yake, yaani kifaa cha kuiamuru iwake, juu ya kamera, flashi unaisimamisha pembeni kwenye stendi.

Mtauliza, kwa nini ninunue isiyojipimia? Mfikirieni bibi harusi na shela lake. TTL inaona weupe umejaa, inadhani mwanga umezidi, inapunguza; shela linatoka la kijivu na uso umezama. Akija bwana harusi na suti nyeusi, inamwaga mwanga hadi paji la uso linawaka. Ukipanga kwa mkono, mtu akiwa umbali uleule flashi inatoa kiasi kilekile, avae nini avae.

Lakini umbali ukibadilika, hesabu imebadilika, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye flashi, kisha akarudi nyuma hadi mita 4, mwanga unaomfikia si nusu, ni robo. Kila flashi ina namba yake ya nguvu. Igawe kwa umbali wa mita, unapata tundu la lenzi, ile namba ya f. Tuseme namba ni 32 kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga): mtu wa mita 4 unampiga kwa f/8, flashi ikiwa nguvu nzima. Panda hadi ISO 400, ukabaki f/8, flashi inashuka hadi 1/4. Picha inapata mwanga uleule, ila sasa betri zinapumua na hungoji ijichaji huku keki inakatwa. Angalizo: namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kama 60, imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi milimita 200, yaani mwanga umebanwa uwe mwembamba. Kikiwa kimefunguka kwa picha ya kundi, mwanga ni hafifu kuliko hapo.

Shata je, yaani muda ambao kamera inaachia mwanga uingie? Mweko ni mfupi kuliko shata, kwa hiyo shata haiugusi. Inagusa taa za ukumbi. Kwa 1/200 ya sekunde mapambo ya nyuma yanazama gizani, kwa 1/50 yanarudi. Ukiongeza kasi ya shata kupita kikomo cha kamera yako, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250, utapata mstari mweusi kwenye picha.

Kuelekeza flashi kwenye dari ni kuzuri dari likiwa jeupe. Kumbi zetu zinafunikwa vitambaa vya zambarau, na zambarau hiyo inashuka kwenye nyuso za wageni. Afadhali mwavuli mweupe pembeni. Na ngozi nyeusi haitaki kuongezewa nguvu, kama wengi wanavyodhani. Inataka mwanga mpana wa ubavuni, unaoteleza shavuni na kuonyesha umbo la uso. Mwanga wa mbele unaacha doa la mng'ao tu.

Kuhusu mitumba, kuweni waangalifu. Baadhi ya flashi za zamani, zikiwemo Vivitar 283 za mwanzo, zinaweza kupeleka volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na kamera ya kidijitali inaweza kuungua. Pesa mnayoiokoa ielekezeni kwenye betri za kuchaji za NiMH, seti mbili za nne nne. Zinaonyesha volti 1.2 badala ya 1.5, msiogope, flashi inajichaji haraka zaidi nazo.

Haya, maneno yametosha. Nani ana kamera yenye chaji? Weka ISO 400, f/8, shata 1/200. Na wewe dada mwenye gauni jeupe, tusaidie, simama pale ukutani.