Vuli Mtoni Sabaki: jinsi ya kutembea na kuangalia ndege bila kuwafukuza

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni. Hapa niliposimama ni kando ya daraja la Sabaki, kaskazini ya Malindi, njia ya kwenda Mambrui. Maji hayo mekundu mnayoyaona chini yametoka mbali. Kule bara, upande wa Nairobi, mto huu unaitwa Athi. Ukishaungana na Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Leo tunaufuata ukingo wa kusini mpaka mlangoni, pale unapoingia baharini, na nitawaonyesha jinsi ninavyofanya mimi.

Huu ni mwezi wa Oktoba. Kusi limelegea, kaskazi halijaingia, mvua za vuli zinanukia. Huko Ulaya na Siberia baridi imeshaanza kubisha hodi, na ndege waliozalia huko wamefunga safari. Wengine walianza kushuka hapa tangu Agosti, lakini mimi huwangoja mpaka sasa, kwa kuwa wameshakuwa wengi na upepo umetulia kiasi kwamba mkono hautikisiki ukishika darubini.

Hatua ya kwanza haifanyiki hapa, hufanyika nyumbani: tazama mwezi. Watu huniuliza nimenunua darubini gani, hakuna anayeniuliza maji yanajaa saa ngapi, na hilo la pili ndilo litakaloamua kama utaona ndege mia au utaona vidoa vyeusi kule mbali kwenye tope. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kwenye mafungu ya mchanga na tope wakila. Yakijaa, mafungu yanafunikwa, nao hawana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua, kuja upande wako. Kwa hiyo chagua siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, au siku moja mbili baadaye. Pwani yetu siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri. Tena alasiri jua liko mgongoni mwako ukitazama baharini, kwa hiyo rangi za manyoya unaziona vizuri. Ukija siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yatajaa asubuhi, kuna ubaridi mzuri, lakini jua litakuwa machoni na kila ndege ataonekana mweusi kama kunguru.

Ndiyo sababu mimi naanza kutembea saa nane. Najua jua ni kali. Vaa kofia, beba maji lita mbili, na nguo isiyong'aa. Shati jeupe liache la Ijumaa.

Haya, darubini. Yangu imeandikwa 8×42. Nane ni mara inavyokuza, arubaini na mbili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Hiyo inatosha kabisa kwa kutembea. Kabla hujaondoka irekebishe kwa macho yako, tazama hapa ninavyofanya: chagua kitu kisichosogea, mimi nachagua kile kibao pale barabarani. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu hili la katikati mpaka jicho la kushoto lione herufi waziwazi. Sasa fumba la kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha hii pete ya kwenye tundu la kulia mpaka nalo lione vilevile. Basi. Pete usiiguse tena, ukishuka mtoni ni gurudumu tu. Kuna watu wametembea na darubini mwaka mzima wakiumwa kichwa, kumbe pete tu.

Tunashuka. Mto uko mkono wetu wa kushoto. Kama ni mara yako ya kwanza, tafuta kijana wa hapo kijijini wa kukuongoza na mpatane bei kabla ya kuanza. Anajua viboko wamelala wapi leo, jambo ambalo hakuna ramani inayolijua. Na ukiwakuta wazee wanatengeneza nyavu, salimia kwanza. "Shikamoo mzee, habari za mto?" Utaambiwa mengi kuliko ulivyouliza.

Nimetaja viboko, na sifanyi mzaha. Wapo, na mamba wapo. Kiboko akiwa majini, mwache na nafasi yake, usisogelee ukingo. Akiwa nchi kavu, usikae kamwe kati yake na maji, kwani akishtuka atakimbilia mtoni na hatakuzunguka. Mahali penye majani marefu pitia mbali. Maji ya mtoni usiyaingie hata kunawa miguu.

Subiri. Simameni hapo. Mnamwona yule mweusi na mweupe, ameganda hewani juu ya maji kama aliyetundikwa kwa uzi? Detepwani. Sasa jifunzeni hapa hapa: usiinamishe macho kutafuta darubini. Mkazie ndege macho, kisha inua darubini mpaka ikutane na macho yako. Ukiangalia chini tu umempoteza. Ona, amejitupa... amekosa. Anarudi juu.

Kwenye vichaka hivi vya kulia angalia keremkerem wekundu, kifua rangi ya waridi iliyokolea, kichwa cha kijani cha bahari. Hawa hawatoki Ulaya, wanashuka kutoka kaskazini mwa Afrika Mashariki na kukaa kwetu miezi ya kaskazi. Na hao wanaopita chini chini juu ya maji ni mbayuwayu. Huenda mmoja wao alikuwa kwenye banda la ng'ombe huko Poland miezi miwili iliyopita.

Tumekaribia mlangoni. Hapa chungeni mnapokanyaga. Mchanga wenye mikunjo kama bati ni mgumu, pita. Ule laini unaong'aa kama kioo ni tope. Mwaka jana niliudharau, nikazama mpaka magoti, nikatoka na mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Ndara ile iko huko mpaka leo.

Sasa hatua ambayo wengi inawashinda: kaa chini. Tandika leso, keti kwenye mteremko huu wa mchanga, mgongo kwa jua, usiwe juu kileleni ukaonekana kama mnara. Saa tisa kasorobo. Maji yanajaa. Usiwafuate, watakuja.

Na wanakuja. Nitasogeza kamera polepole. Hawa wadogo wote kwa Kiswahili tunawaita vitwitwi tu, na usijali sana jina kwa siku ya kwanza. Tazama wanavyokula, ndipo utawatofautisha. Yule mweupe anayekimbizana na wimbi, likirudi anakimbilia chini, likija anakimbia juu, miguu haionekani kwa kasi: huyo hana kidole cha nyuma, wenzake wengi wanacho. Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kushuka, anadunga tope haraka haraka kama sindano ya cherehani, amezaliwa Siberia ya kaskazini kabisa. Ngoja nikaze picha... hapa, chini ya tumbo, mnaona mabaka mekundu ya matofali? Hilo ni vazi la harusi, halijamalizika kupukutika. Kufikia Disemba atakuwa kijivu mtupu. Akiruka utaona weupe juu ya mkia. Na huyo mdogo kabisa kando yake ana uzito wa gramu 25 hivi, naye amepita njia ileile.

Yule mkubwa mwenye mdomo kama mundu ni sululu. Nyuma kabisa, ule mstari wa waridi, heroe. Heroe hawana miadi, leo wapo, kesho hutawaona.

Kuhesabu kundi, usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, kariri ukubwa wa hiyo kumi machoni, kisha ipange juu ya kundi zima kama unavyopima kitambaa kwa dhiraa. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, hali ya maji, ndege, idadi. Ukiona pete ya rangi mguuni, andika rangi, mguu upi, juu au chini ya goti. Kisha ukifika nyumbani unaweza kuyaingiza kwenye eBird, ule mtandao wa kuwekea kumbukumbu za ndege.

Angalia shingo zao pia. Wakiacha kula na kuinua vichwa wote pamoja, umesogea mno. Rudi nyuma taratibu. Kila wakirushwa wanachoma mafuta waliyokuja kuyatafuta huku.

Saa kumi sasa, fungu la mbele limezama lote. Wamesongamana hapa karibu, mdomo chini ya bawa, mguu mmoja. Buabua nao wanaanza kurudi kutoka baharini, wale wenye kishungi na mdomo wa manjano. Mkija Novemba mwishoni, baada ya mvua kubwa, tazameni juu pia: kumbikumbi wakitoka, vipanga wadogo wanaotoka mashariki ya mbali ya Asia, waliovuka Bahari ya Hindi, huwala hewani kwa makundi.

Saa kumi na moja tunageuza. Jua linazama mnamo saa kumi na mbili, na magharibi ndipo viboko hutoka kwenda malishoni, kwa njia hii hii tuliyojia. Nazima kamera, mmoja ameshaguna pale nyuma ya mikoko.