Tume na Dirisha la Kitambulisho

Mabibi na mabwana,

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Kibera, niliketi kwenye benchi mbele ya dirisha la kuombea kitambulisho, kando ya kijana wa Kinubi, jamii ya Wakenya wenye asili ya Sudan, aliyekuwa ameshika bahasha ya kaki yenye cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha shule na nakala ya kitambulisho cha mamake. Jirani yake, waliyesoma naye darasa moja, alikuwa amewasilisha karatasi zizo hizo na kupokelewa, ilhali yeye aliambiwa arudi siku ya kupigwa msasa, yaani kuhojiwa ili athibitishe uraia wake, mbele ya wazee na maafisa, akiwa na kipande, yaani kitambulisho, cha babu yake. Hakuna aliyemtukana wala kumfokea. Ubaguzi wa aina hii huwa mgumu kuushtaki, kwa sababu anayeutenda anaona anafuata utaratibu tu.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaikataza serikali kumbagua mtu, moja kwa moja au kwa njia iliyofichika, kwa misingi kama vile kabila, dini, ulemavu na hata mavazi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu haiwezi kuhukumu kama mahakama, lakini Kifungu cha 252 kinairuhusu kuanzisha uchunguzi bila kungoja mlalamishi, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye nguvu yake kubwa, maana yule kijana hakujua kwamba ana lalamiko. Alidhani ana bahati mbaya.

Tena Tume inaweza kwenda kortini. Katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu kidijitali na kumpa namba moja ya utambulisho, ilisimama pamoja na Wanubi, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango huo usiendelee bila kanuni kamili za kisheria, ikikiri kwamba wapo Wakenya wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa hati.

Februari 2025, Rais William Ruto alipozuru kaskazini mashariki, alitangaza kufutwa kwa msasa huo, jambo ambalo wengi tulilipokea kwa shukrani. Sasa naiomba Tume ipeleke watu wake kwenye madirisha hayo, Kibera, Eastleigh na Garissa, wakae kutwa nzima, waandike nani amerudishwa, ameambiwa nini, na iwapo bado kuna anayeulizwa kipande cha babu yake.