Karatasi ya mshahara: mazungumzo na mabanati, Lamu

Asalaam aleikum. Shukran kwa kuja na jua hili, na najua wengine mumewaachia watu watoto.

Naanza na wanawake sita. 1945 kule Philadelphia, Marekani, jeshi lilikuwa linatengenezewa kompyuta inaitwa ENIAC, ya kupiga hesabu za mizinga. Kuiunda mashine ikawa kazi ya mainjinia wanaume, kuiambia ifanye nini wakapewa Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman, manake ile ilionekana kazi ya ukarani tu. Hakukuwa na lugha ya programu wala kitabu cha maelezo, walipewa michoro ya nyaya waielewe wenyewe, halafu ndio wachomeke waya mmoja mmoja na kugeuza maswichi. Februari 1946 mashine ikazinduliwa, programu ya maonyesho wameiandaa Jennings na Snyder, watu wakashangaa, usiku kukawa na karamu na wao hawakualikwa. Miaka mingi baadae mtu akauliza hawa wanawake kwenye picha za mashine ile ni kina nani, akaambiwa ni mamodeli! Mimi hiyo karamu yaniuma mpaka leo.

Halafu kazi ilipoingia pesa na heshima ikageuka ya wanaume. Marekani 1984, katika kila 100 waliopata digrii ya kompyuta wanawake walikuwa 37, miaka thelathini baadae wakabaki kama 18. Akili zetu hazikupungua jamani. Kompyuta za nyumbani zilitangazwa kama vitu vya vijana wa kiume, kwahivo banati akifika chuo amkuta mwenzake ashaichezea miaka na mwalimu asomesha kama kwamba wote washajua.

Uingereza nako Stephanie Shirley alifungua kampuni ya programu 1962, barua zake hazijibiwi, mumewe akamwambia jiandike "Steve", ndio akaanza kupata miadi. Hilo nalijua mimi. Kwa kampuni niliyofanya Mombasa nilikuwa natia herufi mbili tu za jina kwenye imeli, wateja wanajibu "shukran kaka" na kazi yaenda. Siku nilotia jina kamili mmoja akauliza kuna fundi mwengine azungumze nae.

Lakini nililokuja kuwaambia ni la printa. Jioni moja nimeenda kuchukua karatasi zangu nikakuta ya mshahara wa mwenzangu wa kiume, bado ina moto. Tuliingia siku moja, kazi moja, na programu zake nyingi nilikuwa nazikagua mimi kabla hazijaenda kwa mteja. Alikuwa anapata elfu kumi na nane zaidi yangu. Nilikaa pale nimeishika sijui nifanye nini. Kesho yake nikamuuliza bosi, akasema yule ana familia. Na mimi namlisha mamangu na ndugu zangu wawili, hilo hajawahi kuniuliza.

Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, yasema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Shikeni hiyo namba. Mimi nilikichapisha kifungu kizima kwa printa ile ile nikakiweka mezani kwake, sikupiga kelele, nikarudi kukaa. Mwezi uliofuata mshahara ukalingana. Ya miaka miwili ya nyuma hajanilipa.