Saa Kumi Alasiri, Maji Yakijaa

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja na pikipiki. Nyinyi hasa ndio niliowafuata hapa Mambrui.

Kuna ndege mdogo wa ufuoni, aina moja ya kitwitwi, mdomo wake umepinda kwa mbele kama sululu. Uzito wake gramu 60 hivi, kama hamri moja ya asubuhi. Huanguliwa Siberia, kaskazini kabisa, kisha huja kwetu, kilomita zaidi ya 8,000. Baba hutangulia kuondoka, wala kulea halei. Mama humfuata. Kinda huja nyuma na wenzake, bila mkubwa wa kumwonyesha mto wetu Sabaki uko wapi. Oktoba 2024 shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, IUCN, lilimpandisha daraja la hatari, maana wanazidi kupungua.

Huku anafuata nini? Tope. Lile lile tope jekundu linaloteremka na Sabaki kutoka bara, ambalo wenye hoteli Malindi hulilalamikia. Maji yakipwa, yeye hudonoa minyoo humo mpaka maji yarudi.

Na yakirudi ndipo tunapomkosea. Tope lote likifunikwa, vitwitwi husongamana juu ya fungu la mchanga pale mlangoni mwa mto, mguu mmoja juu, mdomo umefichwa mgongoni. Wanalala. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine, maji yetu hujaa kwenye saa kumi alasiri, na hiyo ndiyo saa ya matembezi, ya mbwa, ya mashindano yenu. Pikipiki moja ikikatiza, kundi zima linapaa na kugeuka kwa pamoja, viuno vyeupe vyote vikatokea ghafla kama shuka iliyokung'utwa. Inapendeza, sikatai. Utotoni mimi mwenyewe nilikuwa nikiwakimbiza makusudi ili nione hivyo. Sikujua kila wakipaa wanachoma mafuta waliyojiwekea kwa safari ya kurudi, ile ya Aprili, wakati manyoya yao ya kijivu yanageuka mekundu.

Sisemi ufuo ufungwe. Nani atakubali? Nasema siku za bamvua, saa moja kabla ya maji kujaa na saa moja baadaye, pikipiki zipite huku juu kwenye mivinje na mbwa wafungwe kamba.

Kesho ni bamvua. Nitakuwa chini ya mvinje wa mwisho kuanzia saa tisa. Darubini ninayo moja tu, tutapokezana.