Pikapu ya Kuvuta Farasi Wazito: Anza na Mizani

Ndugu zangu, karibuni. Hapa Lexington, Kentucky, ni mji wa farasi wa mbio, na wengi wenu mmewazoea hao: mnyama wa pauni 1,000 hadi 1,200, yaani kilo 450 hadi 550 hivi, anapanda tela la kawaida na pikapu karibu yoyote inamvuta. Leo tunazungumzia jamaa zao wanene: Belgian, Percheron, Clydesdale na Shire. Ni farasi wa kukokota jembe na magari ya maonyesho. Mmoja aliyekomaa huwa na pauni 1,800 hadi 2,200, na wapo wanaopita hapo. Shire mmoja aliyezaliwa Uingereza mwaka 1846, jina lake Sampson, anatajwa kufikia kilo 1,524. Huyo hamtampakia. Mtakaowapakia ni jozi ya Belgian walionunuliwa mnadani Ohio, na bosi atauliza swali moja tu: pikapu yetu itaweza?

Jibu halitoki kwenye jina la gari. Linaanza kwenye farasi, linapita kwenye tela, ndipo linafika kwenye pikapu. Wanaoanza na pikapu hujikuta wamenunua injini kubwa juu ya springi ndogo.

Basi tuanze na farasi. Kama hakuna mizani, chukua utepe wa kupimia. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, upate inchi. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 330; unapata pauni. Farasi wa mzunguko wa inchi 92 na urefu wa inchi 80 anatoka pauni 2,050 hivi. Kwa farasi hawa wanene kanuni hiyo ni makadirio tu, kwa hiyo ongeza kidogo badala ya kupunguza. Zile tepu za dukani zilizoandikwa uzito tayari nyingi zimetengenezwa kwa farasi wa kawaida, na baadhi hazifiki hata kumzunguka Belgian.

Sasa tela. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, kabla hata pikapu haijaingia kwenye hesabu. Matela mengi ya farasi wawili yana ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja, jumla pauni 7,000. Tela lenyewe tupu likiwa pauni 3,300, ukipakia farasi wawili wa pauni 2,000, umefika 7,300. Umeshazidisha na hujaweka hata fungu la nyasi. Kwa farasi wazito tafuta ekseli za pauni 6,000 au 7,000 kila moja. Ndani, dari iwe futi 7 na nusu au 8. Futi 7 inamfaa farasi wa kawaida, lakini huyu akiinua kichwa atajigonga, na akijigonga mara moja kesho hatapanda. Chagua tela la kusimama wima wakitazama mbele. Yale ya kusimama mshazari yana nafasi fupi mno kwa mwili wa futi nane. Ingia chini uangalie mihimili inayoshika sakafu: ikiwa imeachana inchi 12 ni afadhali kuliko inchi 16, kwa sababu kwato ya mnyama huyu inakandamiza mahali pamoja. Mbao zilizoloa mkojo chini ya mpira huoza bila kuonekana. Inua mpira, choma ubao kwa bisibisi.

Tufanye hesabu ya msafara mmoja, tuishike hadi mwisho. Farasi wawili, pauni 4,000. Tela la chuma la saizi yao, pauni 4,000. Maji, nyasi na vyombo vilivyomo telani, pauni 600. Jumla 8,600, kama kilo 3,900. Mliotoka Goma, Bukavu au Kigoma mnaijua Hilux kama mfalme wa njia. Basi Hilux nyingi za kisasa zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500. Mfalme ameshindwa na jozi moja ya farasi, na hapa Marekani hata haiuzwi.

Muuzaji atakuambia kuwa pikapu ya daraja wanaloliita nusu tani, yaani Ford F-150, Ram 1500, Chevrolet Silverado 1500 au Toyota Tundra, inavuta pauni 11,000. Anaweza kuwa anasema kweli. Lakini waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na muuzaji huyo hatashuka mlima nao. Namba ile ya tangazo hutolewa kwa kipimo cha SAE J2807, yaani kipimo cha chama cha wahandisi wa magari. Sehemu ya kipimo hicho ni kupanda mlima wa Davis Dam kule Arizona, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, bila kushuka chini ya maili 40 kwa saa kwa gari la tairi moja kila upande wa nyuma. Ni kipimo kizuri. Ila ndani ya gari wanahesabiwa watu wawili wa pauni 150 kila mmoja, na bodi ya nyuma haina zana zako wala matandiko yako.

Namba inayoamua iko mlangoni. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko cha tairi na mzigo. Kinasema jumla ya watu na mizigo isizidi pauni kadhaa. Huo ndio uzito wa kubeba, na ni wa gari hilohilo ulilosimama nalo, siyo wa jamii yake. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana pauni mia kadhaa kwa sababu ya viti vya ngozi, paa la kioo na ngazi za pembeni.

Kwa nini uzito wa kubeba unahusu tela? Kwa sababu tela halivutwi tu, linaegemea pia. Tela linalofungwa kwenye bampa huweka shingoni, yaani kwenye ule mhimili wa mbele unaoungana na pikapu, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa msafara wetu wa 8,600 hiyo ni kati ya 860 na 1,290, tuchukue 1,100. Ikipungua chini ya asilimia 10, mkia wa tela unaanza kucheza barabarani, nao ukianza kucheza na wanyama wa tani moja moja wanaotafuta mizani ya miguu, ni vigumu kuutuliza.

Chukua nusu tani yenye kibandiko cha pauni 1,600. Toa dereva na msaidizi, 360. Toa vyuma vya kufungia tela, 100. Toa sanduku la zana na jeki, 150. Toa matandiko na nyasi zilizoko kwenye bodi, 300. Kola na mikanda ya jozi ya kukokota si mizigo ya kubeba kwa kidole. Zimebaki pauni 690, na shingo inataka 1,100. Umezidisha pauni 410 katika gari linalosifiwa kuvuta 11,000. Nyuma itachuchumaa, taa zitatazama mbinguni, usukani utakuwa mwepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa, zitakosa uzito wa kuzishikisha barabara. Vile vyuma vya kusawazisha vinahamisha sehemu ya mzigo kwenda ekseli ya mbele na ekseli za tela. Vinasaidia sana, ila havifuti deni lote. Mifuko ya hewa unayoongeza kwenye springi inainua mkia tu; kibandiko hakisomi mifuko ya hewa.

Kwa hiyo kwa jozi, anzia daraja la robo tatu tani: F-250, Ram 2500, Silverado 2500HD. Hata hapo soma kibandiko, maana kuna mtego. Injini ya dizeli ni nzito, nayo inakula uzito wa kubeba. Unaweza kukuta 2500 ya petroli yenye kibandiko cha 2,400, na ndugu yake wa dizeli mwenye mapambo yote ana 1,900. Toa zile 910 zetu: wa petroli anabaki na 1,490, wa dizeli 990. Mwenye injini dhaifu ndiye anayeruhusiwa kubeba shingo ya tela letu.

Sisemi dizeli ni mbaya. Kwenye mlima mrefu haina mpinzani, na breki yake ya ekzosi inashikilia msafara mteremkoni bila kuchoma breki za miguu. Lakini kama gari litakwenda dukani maili tano kila siku na kuvuta mara mbili kwa mwezi, kichujio cha masizi hakitapata joto la kujisafisha, kitaziba, na fundi atakula mshahara wako. Gari la namna hiyo nunua petroli yenye difu ya uwiano mkubwa, 3.73 au zaidi. Kwa wanaokwenda milima ya juu, injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kentucky hamtaisikia sana. Colorado mtaisikia.

Mkifika farasi wanne, bampa imekwisha kazi. Wanne ni pauni 8,000, tela lao 7,500 hivi, jumla 15,500. Hapo ni tela la guzineki, lile ambalo shingo yake inapanda juu ya bodi na kukaa kwenye mpira wa chuma ulio juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Linatulia barabarani kuliko lolote la bampa. Bei yake ni kwamba linaegemea zaidi, asilimia 15 hadi 25. Kwa asilimia 20 ni pauni 3,100. Ongeza watu na vyombo uone kuwa unahitaji F-350 au 3500, na ikiwezekana ya tairi nne nyuma. Bodi iwe ya futi 8. Kwa bodi fupi, ukikata kona kali uwanjani, pembe ya tela inavunja kioo cha nyuma cha kabini.

Mambo ya viungo nitayapitia haraka, isipokuwa moja. Mpira wa kuvutia una saizi: inchi 2, na inchi 2 na 5/16. Tela zito huwa na kikombe cha 2 na 5/16. Kikombe hicho kinakaa juu ya mpira wa inchi 2, kinafunga, kinaonekana salama, kisha kwenye tuta la kwanza kinaruka. Namba imechongwa juu ya mpira, isome. Ukishafunga, inua shingo kwa jeki ya tela hadi mkia wa pikapu uinuke nao, ukiinuka, umefungwa. Minyororo ipishane chini ya shingo. Kamba ya breki ya dharura ifungwe kwenye gari lenyewe, isifungwe kwenye mnyororo wala kwenye mpira, na betri yake iwe na chaji. Kipokezi cha nyuma, lile tundu la chuma linaloshika mpira wa kuvutia, kina kibandiko chake chenye namba mbili, moja ya kuvuta na vyuma vya kusawazisha na nyingine bila. Ya pili huwa ndogo sana.

Breki za umeme za tela zirekebishwe kabla farasi hawajapanda, kisha tena wakiwa ndani. Nenda maili 25 kwa saa kwenye barabara tupu, bana kwa mkono kidhibiti cha breki za tela kilichoko kabini: tela livute gari nyuma bila tairi kujifunga. Zikijifunga punguza. Ukipakia farasi mmoja tu, au mmoja akiwa mzito kuliko mwenzake, mzito asimame upande wa dereva, kwa sababu barabara imeinama kuelekea ukingoni.

Mteremko wa I-75 unaoshuka kwenda Covington, ule wa kona karibu na mto Ohio, mnaujua. Punguza mwendo juu kabla hujaanza kushuka, weka giaboksi kwenye hali ya kuvuta, acha injini ishike. Breki ibanwe kwa vipindi, isikaliwe. Tairi za tela zenye herufi ST nyingi zimepangiwa mwisho maili 65 kwa saa, hivyo anayekimbia 75 anazichemsha. Na tairi ya tela huzeeka ikiwa imeegeshwa: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwake, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na ikipita miaka mitano au sita ibadilishe hata kama meno yapo.

Kuhusu sheria: pikapu na tela vikijumlisha uzito ulioidhinishwa wa pauni 10,001 au zaidi, na unavuka jimbo kwa kazi ya malipo, hilo ni gari la biashara machoni mwa serikali kuu, na bosi anapaswa kuwa na namba ya USDOT, yaani ya wizara ya uchukuzi. Ikifika 26,001, na tela pekee limeidhinishwa zaidi ya 10,000, leseni ya kawaida haitoshi kwa kazi hiyo. Farasi naye ana karatasi zake: cheti cha daktari na majibu ya kipimo cha Coggins, kile cha damu kinachotafuta anemia ya kuambukiza ya farasi.

Mkinunua iliyotumika, laleni chini. Magari ya Ohio na Indiana yamekula chumvi ya barabarani. Gonga fremu kwa nyundo ndogo mahali springi zinaposhikwa, usikilize kama inalia chuma au inalia bati. Tazama nyufa kwenye maungio ya kipokezi. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi kama kipo. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, ondoka. Halafu omba gari kwa saa moja, jaza tanki, panda na msaidizi na vyombo vyako vyote, nenda kwenye mizani ya malori, CAT Scale, kwenye kituo cha mafuta. Pima gari peke yake. Rudi, funga tela na farasi, pima tena. Ekseli mbili za pikapu mara ya pili, toa zile za mara ya kwanza: hiyo ndiyo shingo yako halisi. Kisha linganisha kila ekseli na kibandiko kingine cha mlangoni, kile chenye uzito wa kila ekseli, kabla hujatia sahihi.