Wadogo zangu wa fizikia mwaka wa kwanza, msipike data

Haya karibuni, mliokosa viti sogeeni huku mbele. Nyie mmetoka PCM na PGM na PCB, kufaulu mitihani mnajua, hilo sina wasiwasi nalo. Mi nataka kuongelea kitu kimoja tu kinachoiua digrii ya fizikia mapema sana, yani semista ya kwanza kabla hata hamjazoea chuo, nacho ni kupika data, yani kuandika namba ambayo hukuipima.

Mnajua ninachosema. Praktiko za mwanzo unapewa uzi, kijiwe na saa, pima g, yani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia, kwa pendulamu. Uzi wa mita 1 unaenda na kurudi kwa sekunde 2 na kidogo. Mtu anapima mzunguko mmoja, kidole kinakosea kubonyeza kama sekunde 0.2 hivi, hapo tayari kosa ni asilimia 10, na kwenye fomula muda una kipeo cha pili kwa hiyo g inakosea kama asilimia 20, anapata 8 au 11, anaogopa, anachungulia kwa jirani, anaandika 9.81 ya kitabuni. Angehesabu mizunguko 20 mfululizo, kidole kinakosea vilevile ila 0.2 ndani ya sekunde 40 ni nusu asilimia, g inabaki na kosa la asilimia 1. Uzi uleule, saa ileile! Mimi naipenda fizikia kwa vitu kama hivi jamani.

Alafu hiyo 9.81 yenyewe ni ya wapi? Ni ya London, ni ya Paris. Dunia inazunguka na imetanuka kidogo katikati, ndo maana ikweta g ni kama 9.78 na kwenye ncha 9.83. Hapa Dar tuko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, yetu ni 9.78. Ukitaka kuiona hiyo tofauti hesabu mizunguko 200, uzi pima mpaka milimita, na usiuvute sana pembeni, maana ile fomula mliyokariri ni ya pembe ndogo tu, ukivuta mpaka pembe ya nyuzi 10 g inapotea karibu asilimia 0.4 na tofauti ya Dar na London yote imemezwa. Kwa nini pembe ndogo? Hapo ndo utazihitaji zile kalkulasi na milinganyo tofautishi mnazozilalamikia, zisome kwa sababu hiyo, sio kwa kukwepa sapu, ule mtihani wa kurudia. Sasa mtu kapima vizuri kabisa kapata 9.78, anafuta anaandika 9.81 kwa sababu desa, zile notsi za kurithi, limesema hivyo. Inaniuma sana hii.

Erasto Mpemba mnamjua. Mwaka 1963 akiwa Magamba sekondari kule Lushoto aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji wa moto umeganda kabla ya uliopozwa, akachekwa, hakubadilisha alichoona. Akiwa shule ya Mkwawa akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu hapa Dar, Osborne akaenda kupima, na 1969 wakatoa makala pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo juu ya jambo lenyewe na wabishane tu, ila bila kijana kuandika alichokiona hakuna cha kubishania.

Mnaniuliza sana kazi ziko wapi. Ualimu upo, hali ya hewa ipo, ila leo nataka mfikirie mashine za mionzi za kutibu saratani kama zile za Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar. Pale kuna mwanafizikia, kasoma zaidi ya digrii ya kwanza, kazi yake kuhakikisha mgonjwa anapata kipimo cha mionzi alichoandika daktari na kisipishane kwa zaidi ya asilimia 5. Huyo mtu alianza na uzi na kijiwe kama nyie. Kama alizoea kufuta namba yake na kuandika ya kitabu, mgonjwa hatajua, daktari hatajua.

Kwa hiyo daftari la maabara andikeni kwa peni, ukikosea kata mstari mmoja isomeke, usifute. Haya, maswali, tuanzie nyuma kule.