Nani Aliyechoma Ghala?

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliosimama mpaka mlangoni.

Leo tuzungumze juu ya habari za vita: nani anaziandika, na vipi humficha mtendaji. Nianze hapa hapa mjini. Kuanzia 1904 hadi 1916 Tanga ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Kiongozi, likichapwa katika shule ya serikali ya Kijerumani. Mwenye gazeti alikuwa serikali yenyewe. Likiwa bado changa, 1905, Vita vya Majimaji vikawaka kusini. Hesabu rasmi ya Wajerumani ilisema waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria mpaka 300,000. Wengi hawakupigwa risasi. Walikufa kwa njaa.

Hapo kwenye “walikufa kwa njaa” nawaomba tukae kidogo. Ukisema hivyo, njaa imekuja yenyewe, kama nzige. Sema sasa: “Jeshi lilichoma mashamba na maghala, watu wakafa njaa.” Waliokufa ni wale wale, lakini mtendaji amejitokeza.

Kila asubuhi, chai na mkate wa kumimina vikiwa mezani, huchukua taarifa ya vita, ya Sudani, ya Gaza, ya mashariki mwa Kongo, nikapiga mstari chini ya vitenzi. “Raia wamepoteza maisha.” Wamepoteza! Kama mtu aliyedondosha funguo njiani. Au “raia wameuawa”, kisha nukta. Wameuawa na nani? Hiyo “na” ndogo ndiyo inayokatwa kwanza, na inaniuma kila ninapoona imekatwa.

Ndiyo maana nawathamini wanaohangaika kuirudisha. Mwaka 1964, mjini Roma, Roberto Savio na Pablo Piacentini walianzisha shirika la Inter Press Service, ili nchi za kusini zisikike kwa sauti zao. Mwaka 1995, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Umoja wa Mataifa ulianzisha Nairobi shirika la habari la IRIN. Lilipofika 2015 likatoka kwenye Umoja huo likajitegemea. Leo linaitwa The New Humanitarian. Naona walifanya vyema, maana ni vigumu kumchunguza anayekulipa mshahara. Hata hivyo nao hupokea fedha za serikali wafadhili, kwa hiyo waulizeni kama mnavyowauliza wengine.

Wala msidhani kuwa chombo kikiwa cha binafsi basi ni huru. Redio RTLM ya Rwanda ilikuwa ya watu binafsi, nayo ndiyo iliyochochea mauaji ya 1994. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili mwaka 2003.

Kwa upande mwingine, Radio Okapi ya Kongo, iliyoanza 2002, ilianzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Haikujitenga na wakubwa. Lakini inatangaza pia kwa Kiswahili, na mama wa Goma akisimulia yaliyomkuta, mimi niliyeko Ngamiani, hapa Tanga, namwelewa bila mkalimani. Kwa nini basi habari za jirani huyu zitufikie kwanza kupitia London na Paris?

Nimechapa taarifa mbili za tukio moja. Kijana wangu anazipitisha, kila benchi nakala mbili. Kalamu zimo kwenye kikapu. Tuanze na vitenzi vya aya ya kwanza. Mzee wangu wa mbele hapo, tusomee.